Kupinga Muswada wa Bima ya Afya: Barua Ipelekwe kwa Nani, na Iseme Nini

Mwishoni mwa mwaka 2022 mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hapa Soweto mjini Moshi, aliniletea barua aliyotaka niipitie kabla haijapelekwa kwa mbunge. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa mkono, na chini yake kulikuwa na safu ya majina, saini na alama za dole gumba zilizojaa hadi upande wa nyuma. Baada ya anuani mbili na salamu kulikuwa na kichwa, «YAH: KUPINGA BIMA YA AFYA YA LAZIMA», na hoja yenyewe ilikuwa na sentensi tatu tu: kwamba wananchi hawana shilingi 340,000, kwamba bima haiwezi kuwa ya kulazimishana, na kwamba mheshimiwa aukatae muswada. Nilimwambia kuwa malalamiko yake yote yalikuwa ya kweli, lakini barua yenyewe isingebadilisha hata nukta moja. Alikasirika kidogo, na alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu sababu za jibu langu haziandikwi kwenye ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa.

Muswada uliokuwa ukizungumzwa ni ule wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, uliosomwa bungeni mara ya kwanza Septemba 2022. Kabla yake bima ya umma ilikuwa na milango miwili mikubwa. Wa kwanza ni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ambao mtumishi huchangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake asilimia 3 nyingine. Wa pili ni Mfuko wa Afya ya Jamii, uliowekewa sheria mwaka 2001, ambao kwa mikoa mingi ulikuja kutoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Mwenye kadi ya mfuko wa kwanza aliweza kupanda hadi Hospitali ya Rufaa ya KCMC akapata vipimo vikubwa, ilhali mwenye kadi ya mfuko wa pili alijikuta mara nyingi akizunguka kati ya zahanati, kituo cha afya na hospitali ya mkoa. Wengi hawana kadi yoyote, na hao ndio wanaouza mbuzi, shamba au pikipiki pale mgonjwa anapolazwa. Kwa hiyo shabaha ya muswada, yaani kila mkazi wa Tanzania Bara awe ndani ya bima, ni shabaha ambayo sijawahi kukutana na mtu anayeipinga kwa dhati, akiwemo mwenyekiti wetu, ambaye aliwahi kuchangisha mtaa mzima ili mwili wa marehemu utolewe hospitali.

Ubishi ulikuwa katika neno «lazima», na hapa mpingaji anapaswa kwanza kuielewa hoja ya upande wa pili kuliko anavyoelewa yake mwenyewe. Bima inasimama pale wazima wengi wanapomlipia mgonjwa mmoja. Ikiwa kujiunga ni hiari, anayejiunga haraka ni yule ambaye tayari anaumwa au ana mtoto anayeumwa, na mwenye afya husubiri. Mfano ulio karibu ni Toto Afya Kadi, iliyokuwa ikitolewa kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na usajili wake wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa Machi 2023 kwa maelezo kwamba wazazi wengi walikuwa wakiwakatia bima watoto ambao walikwisha kuugua, hivyo michango haikukaribia gharama za matibabu. Mzazi aliyekata kadi ile hakufanya kosa lolote, ila mfuko unaojazwa na wagonjwa peke yao hauwezi kudumu. Barua inayosema «iwe hiari» bila kujibu jambo hili husomwa na wataalamu wa Wizara kwa dakika moja na kuwekwa kando, kwa kuwa jibu lake wanalo tayari.

Hata hivyo, kukubali kwamba bima lazima ibebe watu wote si sawa na kukubali kila njia ya kuwalazimisha. Toleo la 2022 lilipendekeza kuifungamanisha bima na huduma nyingine ambazo mwananchi huzifuata serikalini, zikiwemo leseni ya udereva, leseni ya biashara na udahili wa kidato cha tano. Hapo ndipo palipokuwa na kifungu cha kushikwa. Mtoto aliyefaulu kidato cha nne hana kipato na hakuchagua kukosa bima. Kumzuia mlangoni mwa shule kwa deni la mzazi ni kumwadhibu asiyehusika. Dereva wa bodaboda anayenyimwa leseni kwa sababu hajalipa bima anapoteza chombo cha kumwezesha kuilipa hiyo bima. Kwa maoni yangu hoja hizi mbili zilikuwa na uzito kuliko kurasa mia za malalamiko kuhusu ugumu wa maisha, kwa sababu zinaonyesha kwamba kifungu chenyewe kinakwenda kinyume na lengo lililoandikwa katika sehemu ya Madhumuni na Sababu, ile inayokaa mwishoni mwa kila muswada na ambayo watu wachache hufika kuisoma. Siku hizi hakuna kisingizio cha lugha, maana marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu.

Sasa turudi kwenye zile shilingi 340,000, ambazo zilikuwa sentensi ya kwanza ya barua ya mwenyekiti na gumzo la kila daladala. Kiasi hicho, pamoja na shilingi 84,000 kwa mtu mmoja, kilitolewa katika maelezo ya Serikali kama makadirio ya mchango wa mwaka wa kaya ya watu sita iliyo nje ya ajira rasmi. Ukigawanya, ni kama shilingi 28,300 kwa mwezi, na ukilinganisha na zile 30,000 za mwaka mzima katika Mfuko wa Afya ya Jamii, ni zaidi ya mara kumi na moja. Mshtuko wa watu ulikuwa wa haki. Lakini viwango vya namna hii kwa sekta isiyo rasmi ni jambo la kanuni, si la sheria, na tofauti hiyo ndiyo inayopoteza barua nyingi. Sheria hupitishwa na Bunge. Kanuni hutungwa na Waziri kwa mamlaka aliyopewa na sheria hiyo, na anaweza kuzibadilisha bila kurudi bungeni kupigiwa kura. Anayemwandikia mbunge «ukatae 340,000» anamwomba akatae kitu ambacho hakimo katika karatasi atakayoipigia kura.

Wengi wetu tuliiona tofauti hii ikifanya kazi bila kuitambua. Tozo za miamala ya simu zilianza kutozwa Julai 15, 2021, baada ya Bunge kupitisha Sheria ya Fedha ya mwaka huo, na kelele zilisikika nchi nzima. Kufikia Septemba viwango vilikuwa vimepunguzwa kwa asilimia 30, na Bunge halikulazimika kuivunja sheria yake, kwa sababu viwango vilikuwa ndani ya kanuni. Walioshinikiza baada ya sheria kupita hawakuwa wamechelewa kabisa, ila mlango uliokuwa wazi wakati huo ulikuwa wa Waziri.

Kwa upande wa sheria yenyewe mlango hufunguka mapema na kufungwa mapema. Muswada wa Serikali kwa kawaida hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kisha husomwa mara ya kwanza, yaani hutajwa tu bila mjadala, na Spika huupeleka kwenye kamati ya kudumu inayohusika. Hapo kamati hualika wananchi na wadau kutoa maoni, kwa kufika Dodoma au kwa maandishi kupitia Ofisi ya Katibu wa Bunge, na tangazo lake linaweza kutoa siku chache sana, jambo ambalo kwa mtu wa Rombo au Longido ni sawa na kutoalikwa. Muswada ukiletwa kwa hati ya dharura, hata siku hizo chache hupungua. Baada ya kamati kuna kusomwa mara ya pili, ambapo Waziri hutoa hoja na kamati husoma maoni yake. Kisha Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupita kifungu kwa kifungu, na mbunge anayetaka kubadili kitu huwa ameleta jedwali la marekebisho kwa maandishi. Kusomwa mara ya tatu ni kufunga kazi. Halafu Rais huombwa kibali, na kwa mujibu wa Ibara ya 97 ya Katiba anaweza kukataa na kuurudisha muswada pamoja na sababu zake.

Mwananchi anayetazama Bunge kwenye televisheni huona sehemu ya mwisho, ile ya «wanaoafiki waseme ndiyo», akadhani ndipo mambo yanapoamuliwa. Kwa kweli kazi kubwa huwa imekwisha kwenye kamati, mahali ambapo Serikali hukubali kuleta yenyewe jedwali la marekebisho ili isibishane na kamati ukumbini. Muswada wa bima ni ushahidi mzuri. Haukusomwa mara ya pili mwaka 2022 kama ilivyotarajiwa, na Februari 2023 ukaondolewa tena kwenye ratiba kwa kuwa Serikali na kamati hawakuwa wameafikiana. Swali gumu lilikuwa moja: asiye na uwezo atalipiwa na nani, na kwa fedha zipi? Ulipopitishwa Novemba 2023 ulikuwa na mfuko wa kugharamia wasio na uwezo, uliotajiwa vyanzo kama ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, vileo na vipodozi, pamoja na michezo ya kubahatisha, na Rais akautia saini kabla mwaka haujaisha. Mwaka mzima wa kuahirishwa ulitokana na swali lililoulizwa vizuri, wala hapakuwa na kura hata moja ya hapana iliyohitajika.

Hili la kura ya hapana linastahili maelezo, maana mifano ya barua inayosambazwa kwenye simu mara nyingi imeigwa kutoka Marekani, ambako kumwandikia mwakilishi «piga kura ya hapana» ni desturi ya siku nyingi. Kule inaleta maana. Sheria ya huduma za afya ya Rais Barack Obama ilipita katika Baraza la Wawakilishi Machi 2010 kwa kura 219 dhidi ya 212, baada ya miezi ya barua, simu na mikutano yenye mayowe majimboni. Wawakilishi wachache wakigeuka, muswada unakufa. Miaka saba baadaye upepo uligeuka, barua zikawa za kuitetea sheria ileile isifutwe, na usiku wa kuamkia Julai 28, 2017 jaribio la kuifuta kwa sehemu lilishindwa katika Seneti kwa kura 49 dhidi ya 51, kwa sababu maseneta watatu wa chama kilicholileta, John McCain, Susan Collins na Lisa Murkowski, walikataa. Seneta wa Marekani anayegombana na chama chake hubaki na kiti chake mpaka wapiga kura wamwondoe.

Kwetu Katiba imepanga vingine. Huwezi kugombea ubunge bila kupendekezwa na chama, na kwa Ibara ya 71 mbunge anayeacha au kuachishwa uanachama wa chama chake anapoteza na kiti. Kumwomba mbunge wa chama tawala auangushe muswada wa Serikali hadharani ni kumwomba ahatarishe kila kitu kwa ajili ya barua ya ukurasa mmoja, na wewe mwenyewe usingekubali. Lakini mbunge huyohuyo anaweza, bila hatari yoyote, kusimama na kusema kwamba katika jimbo lake kifungu fulani hakitekelezeki kwa sababu hii na hii, na kuomba maneno kadhaa yabadilishwe. Barua nzuri humpa maneno hayo yakiwa tayari. Upo pia mpaka mwingine wa kuujua: Ibara ya 99 haimruhusu mbunge kupendekeza kodi mpya au matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, mapendekezo hayo ni ya Rais kupitia kwa Waziri. Kwa hiyo ombi kwamba Serikali iwalipie wananchi wote halifai kwenye jedwali la marekebisho la mbunge. Hilo mwandikie Waziri, na nakala kwa mbunge.

Nikamuuliza mwenyekiti, basi, ni nini katika maisha yetu ya huku ambacho mtu wa Dodoma hawezi kukijua mpaka tumwambie? Hapo mazungumzo yakaanza kunoga, na ndipo barua yenyewe ilipozaliwa.

Kikundi chetu kina wagumu kadhaa, yaani wapagazi wanaobeba mizigo ya watalii kupandisha Mlima Kilimanjaro. Mgumu hulipwa kwa safari. Leo yuko na kampuni hii kwa siku saba, wiki ijayo na nyingine, na masika mvua zinaponyesha anaweza kukaa wiki nyingi bila kuitwa. Je, huyu ni mwajiriwa, ambaye mwajiri wake anapaswa kumchangia nusu ya asilimia 6, au ni mtu wa sekta isiyo rasmi anayejilipia kaya yake yote? Akiwa mwajiriwa, ni wa nani katika miezi ambayo hana safari, na akiugua katika miezi hiyo kadi yake iko hai au imelala? Swali hili halihusu kuipenda wala kuichukia bima. Linahusu tafsiri ya neno moja ndani ya sheria, na jibu lake linaweza kumpandishia au kumpunguzia mtu gharama kwa zaidi ya nusu. Maelfu ya watu wa Moshi na Arusha wanaishi kwa utaratibu huo, wakiwemo wapishi wa safari na vibarua wa mashamba ya maua na kahawa.

Kaya ya watu sita nayo si kipimo cha kila mahali. Kwenye boma la Monduli, mwanaume mwenye wake watatu waliofungwa ndoa ambazo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua ana kaya ngapi, moja au tatu? Mtu akitajiwa mwenza mmoja na wategemezi wanne, mke wa pili na watoto wake wanaangukia kwa nani? Na bibi wa Kibosho anayelea wajukuu watano ambao wazazi wao wako Dar es Salaam, hao wajukuu ni wa kadi ya bibi au ya baba aliyeko Mbagala? Haya yalikuwa maswali ya wanawake wa kikundi, wala si yangu.

Suala la msimu wa malipo lilichukua muda mfupi zaidi, kwa kuwa kila mtu alikubaliana papo hapo. Mkulima wa kahawa hupata fedha baada ya mavuno, si kila mwezi, na mfugaji hupata siku ya mnada. Mchango unaodaiwa Aprili, wakati wa palizi na ada za shule, utamkuta hana kitu, na uleule ukidaiwa Novemba anaweza kuulipa bila kuuza chochote. Hili pia ni jambo la kanuni.

Barua ya pili iliandikwa upya kwa kurasa mbili. Haikusema «tunapinga bima». Ilisema kikundi ni nani, wanachama wake wanafanya kazi gani na wanaishi kata ipi. Ikataja sehemu tatu za muswada, na chini ya kila moja ikaeleza tatizo kwa mfano wa mtu mmoja, kisha ikapendekeza maneno mbadala. Maneno hayo niliyaandika mimi vibaya mara mbili, kwa sababu kuandika sheria si kama kuandika makala, na mwishowe mwalimu mstaafu wa mtaani ndiye aliyeyanyoosha. Saini zote zilihamishwa, kila mtu akisoma au kusomewa kwanza, na watu wanne wakakataa kutia saini kwa kuwa walitaka bado iandikwe kwamba hawataki bima kabisa. Hawakubembelezwa. Haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu raia, iliyo katika Ibara ya 21 ya Katiba, ni yao pia, na barua yao waliiandika peke yao.

Nakala ya kwanza ilikwenda kwa Katibu wa Bunge kwa ajili ya kamati, ya pili kwa Waziri wa Afya kwa yale ya kanuni, na ya tatu ofisi ya mbunge, ambako mwenyekiti aliambiwa aiache tu mezani. Alikataa kuondoka mpaka nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe. Sheria imekwisha kupita, lakini kanuni zake zinaweza kurekebishwa wakati wowote, na sehemu ya barua inayowahusu wagumu haijapitwa na wakati. Nakala yenye mhuri bado anayo, kwenye bahasha ya kaki pamoja na daftari la michango ya kikundi, na mara ya mwisho nilipoiona alikuwa amebadilisha tarehe kwa penseli, tayari kuipeleka tena.